Kengele ya Siku ya Tatu

Dunia ina nchi nyingi kuliko zilizochorwa, na zile zisizochorwa huwa zina sababu zake. Shwarini haimo katika ramani yoyote. Lakini Hemedi Kibindo, fundi saa, alifika huko kwa barua ya mwaliko, akakaa siku tisa, akarudi na akili zake timamu. Haya ndiyo aliyoyaona, na anayetaka kubisha akabishane naye mwenyewe, maana ni mtu anayependa ubishi.

Alifika na kikohozi cha siku ya tano. Kilianza kama mafua, kikashuka kifuani, na yeye hakukijali sana. Kwao alikwisha kuambiwa na mganga wa zahanati kwamba kikohozi cha namna hiyo humkalia mtu wiki mbili, pengine tatu, kisha huondoka chenyewe. Alikuwa akinywa maji ya moto yenye asali na tangawizi, akichoka analala, basi. Hakujua kwamba kifuani mwake amebeba jambo la serikali.

"Umemeza?" aliuliza karani wa lango, mtu mnene aliyevaa joho la kijani.

Hemedi alidhani anaulizwa habari za chakula. "Nimekula njiani, ahsante," alijibu, kisha akakohoa.

Karani alirudi nyuma hatua mbili. Alichukua ubao uliopakwa rangi tisa, kuanzia weupe wa maji mpaka kijani cha mchicha, akamtaka mgeni ateme makohozi kwenye kisahani. Yalikuwa na ukijani. Karani akapiga ngoma mara moja, na watu waliokuwa wakipita wakasimama kumtazama Hemedi kama wanaotazama jeneza likipita.

"Pole sana, mgeni," alisema karani. "Rangi ya saba! Na kengele yenyewe imekufa. Lakini si ndiwe fundi?"

"Ndimi."

"Basi Mungu amekuleta. Itengeneze upesi. Wewe ni mgeni wetu, ikilia utakuwa wa kwanza kumeza."

Mambo ya Shwarini yalikuwa hivi. Nchi ile ilikuwa na vidonge vilivyoitwa askari, kwa kuwa viliingia mwilini kupigana na vijidudu vya maradhi. Sheria ilisema asiwepo mtu wa kukohoa zaidi ya siku tatu bila kumeza askari. Wakajenga mnara katikati ya mji, wakaweka saa juu yake, na saa hiyo haikuwa na habari ya asubuhi wala adhuhuri; uso wake ulikuwa na alama tatu tu, moja kwa kila siku. Mshale ukifika alama ya tatu, nyundo iliinuka ikapiga kengele, na waya uliofungwa kwenye nyundo ukavuta komeo la ghala la askari lililokuwa chini ya mnara. Waliokuwa wamejiandikisha kwa kikohozi walipanga foleni, kila mtu akapewa kifurushi kimoja, akameza kidonge cha kwanza mbele ya mashahidi wawili, akaenda zake. Ufunguo mwingine haukuwepo. Waliojenga mnara ule walijivunia kwamba mlango wao hauhongeki.

Watu walisalimiana kwa "Umemeza?" na jibu lilikuwa "Nimemeza, na nyumbani wamemeza." Aliyeona nafuu siku ya pili aliacha vidonge vilivyobaki, akavitia ndani ya kopo, na jirani akipiga chafya alipelekewa viwili kwa ujirani mwema. Tumbo likiharibika baada ya kumeza, jambo lililotokea mara nyingi, hawakulalamika. Waliliita gwaride, wakasema askari wanapita. Katika mtaa mmoja Hemedi alimsikia mama akimwambia mwenzake dirishani, kwa fahari kabisa, kwamba mumewe ana gwaride tangu alfajiri, Mungu apewe sifa.

Sasa saa ilikuwa imesimama siku ya kumi na nane, na nchi nzima ilikuwa roho juu.

Hemedi alipewa malazi katika nyumba iliyoegemea mnara, kwa Mzee Pongwa, mtunza saa, aliyeishi na dada yake. Dada huyo, Bi Zamda, alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, na cheo chake kilikuwa Msikilizaji wa Vifua. Kazi yake kisheria ilikuwa kuweka pembe ya mti kwenye kifua cha kila anayekohoa, kusikiliza, kisha kujaza kadi. Alimwonyesha Hemedi bunda la kadi hizo. Zilikuwa zimekwisha chapwa: *Nimesikiliza. Apewe askari.* Palibaki nafasi ya jina tu.

"Na ukisikia kifua hakina neno?" aliuliza Hemedi.

"Najaza jina."

"Na ukisikia kifua kibovu?"

"Najaza jina, fundi. Mwaka wa kumi na sita huu, najaza majina."

Akamsikiliza Hemedi, mbele na mgongoni, bila haraka. "Wewe una miluzi tu," alisema. "Pumzi inaingia mpaka chini, pande zote mbili. Homa huna. Utakohoa wiki mbili nyingine, utawachosha wanaolala karibu nawe, halafu utapona. Rangi ya makohozi wala isikutishe, mimi nimeona kijani kwa wazima na nimeona meupe kwa waliozikwa." Kisha akashusha sauti. "Lakini njoo umsikilize huyu."

Mzee Pongwa alikuwa amelala chumba cha nyuma, ameelekea ukutani. Jana yake alikuwa mzima akipaka mafuta bawaba za mnara. Mchana akashikwa na kutetemeka mpaka meno yakagongana, kisha kichomi chini ya mbavu za kulia, kila akivuta pumzi anakunja uso. Bi Zamda alimpa Hemedi pembe. Upande wa kushoto alisikia upepo. Upande wa kulia, chini, alisikia kitu kikitatarika, mfano wa chumvi iliyotupwa motoni.

Hemedi alitoa saa yake ya mfukoni, ile yenye mshale mwembamba wa sekunde, akahesabu mbavu za mzee zikipanda na kushuka. Pumzi thelathini na nne kwa dakika moja. Akajihesabu mwenyewe: kumi na sita. Bi Zamda alikuwa hajawahi kuona saa inayohesabu kitu kidogo hivyo. Alimwomba ahesabu tena, na hesabu ikawa ile ile.

"Huyu ndiye wa askari," alisema Bi Zamda. "Na ni leo, si kengele ikilia. Tena si askari yeyote."

Akamweleza, na hapo ndipo Hemedi alipoanza kuogopa. Ghala lilikuwa na aina tatu. Askari weupe walikwisha nguvu zamani. Walimezwa kwa kila chafya mpaka vijidudu vikawazoea. Wakaletwa wekundu, nao wakaenda njia hiyo hiyo. "Mwaka jana nilisikiliza watu kumi na mmoja wenye kifua kama hiki cha kaka," alisema. "Wakameza weupe. Wakameza wekundu. Mimi nilijaza majina yao mara mbili, mara ya tatu waliandikwa na mchimba kaburi." Walibaki askari wa manjano, vifurushi mia mbili, na hao bado walifanya kazi kwa sababu hawajatumiwa. Lakini Waziri alikuwa ametangaza kwamba kengele ikilia, wa manjano ndio watakaogawiwa, kuwafuta watu machozi kwa siku walizongojeshwa.

"Waliojiandikisha ni wangapi?"

"Mia tatu na kumi. Kaka aliandikwa jana. Ni wa mwisho."

Hemedi hakuhitaji kalamu kuipiga hesabu hiyo. Akiitengeneza saa, watu mia mbili wenye mafua watamaliza askari wa manjano, na Mzee Pongwa atafika mlangoni akute rafu tupu. Asipoitengeneza, komeo halifunguki, na Mzee Pongwa atakufa vilevile. Alimtazama yule mzee, ambaye hata hakujua kuwa nyumbani kuna mgeni, akatamani barua ya mwaliko ingepotelea njiani.

Asubuhi ya pili Hemedi na Bi Zamda waliitwa Barazani. Waziri wa Vifua, Bwana Tindwa, alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya chini inayowalazimisha watu kunyamaza. Kabla ya kumhoji fundi, baraza lilikuwa na jambo la aibu la kumaliza. Makarani walikuwa wamezunguka nyumba za wale mia tatu na kumi, wakakuta mia mbili na sabini hawakohoi tena.

"Bila askari?" aliuliza Waziri.

"Bila askari, mheshimiwa."

Mwanazuoni mmoja mwenye ndevu alisimama akasema jambo hilo halina utata: askari waliomezwa mwaka jana bado wanazunguka mwilini, hawajarudi kambini. Wa pili alipinga. Alisema vijidudu si vipumbavu, vilijua askari wamo ghalani, vikakimbia kwa hofu. Walibishana mpaka wakaitana majina. Ndipo akasimama wa tatu, aliyesifika kuliko wote, akawauliza wote wawili: "Mtu huponywa na nini?"

"Na askari," walijibu.

"Basi asiyemeza hawezi kupona. Na kama hakupona, na leo hakohoi, maana yake ni nini? Hakuwa mgonjwa. Majina yao yafutwe katika daftari la wagonjwa."

Alipigiwa makofi marefu. Majina yakafutwa pale pale, na daftari la Shwarini likabaki safi: tangu nchi ile iwepo, hakuna mtu aliyewahi kupona kikohozi bila askari. Karani mmoja aliuliza kwa woga kama watu hao watatoka pia kwenye foleni. Waziri alisema haki ya raia haifutwi. Wamefutwa katika daftari la kuugua, hawajafutwa katika daftari la kumeza.

Bi Zamda alisimama.

"Mheshimiwa, naomba mmoja atangulizwe. Mzee Pongwa, mtunza saa. Anapumua mara thelathini na nne kwa dakika. Hao mia mbili na sabini wanapumua kama mimi na wewe."

"Ni kaka yako."

"Ni kaka yangu. Angekuwa adui yangu ningesema hivi hivi."

"Mbele ya foleni hakuna kaka wala dada, Bi Zamda. Leo nikimtanguliza mtu kwa pumzi zake, kesho kila mtu ataniletea pumzi zake nimhesabie." Akamgeukia Hemedi. "Fundi, kesho adhuhuri mshale uwe unatembea. Mshale usipotembea, au mtu akigusa ghala kabla ya kengele, atatolewa nje ya lango na kunyimwa askari maisha yake yote."

Baraza lilivuta pumzi kwa kitisho cha adhabu hiyo. Hemedi, ambaye kwao aliishi miaka hamsini na mbili bila askari isipokuwa mara moja alipoumwa kweli, aliinamisha kichwa kwa heshima. Hakuwa na hofu ya lango. Aliogopa zile pumzi thelathini na nne.

Walipofika nyumbani zilikuwa thelathini na nane. Mzee Pongwa alimwita dada yake kwa jina la mama yao.

Hemedi alipanda mnarani mchana ule ule. Kasoro aliiona kabla hajakaa vizuri: gurudumu moja lilikuwa limevunjika jino. Kazi ya saa mbili. Lakini aliitazama nyundo, akautazama waya unaoshuka kwenye tundu la sakafu, akamwita Bi Zamda.

"Mlango hauna habari na saa," alimwambia. "Una habari na nyundo tu. Nikiinyanyua kwa bega, komeo litafunguka. Nikiiachia, litajifunga. Ukiwa ndani wakati huo, umefungwa humo."

"Ni nzito?"

"Ni ya kumwinamisha ng'ombe."

"Na kengele?"

Hemedi alikwisha kuizungushia blanketi. Chini, upande wa uwanja, alikaa mlinzi wa mnara kwenye kibao chake. Mlango wa ghala ulitazama upande wa pili, uchochoroni. Bi Zamda alishuka kuelekea uchochoroni.

Hemedi aliingiza bega chini ya nyundo akainuka. Magoti yalilia. Waya ulikaza, na mahali fulani chini yake chuma kikakwaruza chuma. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Walikubaliana hamsini. Alipofika ishirini, koo likaanza kumwasha.

Kila aliyewahi kukohoa anaujua mwasho huo. Unaanza mdogo, unajifanya hauna haja na mtu, halafu unapanda. Hemedi alimeza mate. Akang'ata pindo la blanketi. Machozi yakamtoka, mbavu zikamruka, nyundo ikateleza upana wa kidole begani, na uchochoroni akasikia komeo likigonga mlango. Alisukuma juu tena kwa nguvu asizojua kama anazo. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Kikohozi kikamponyoka, kikubwa, kikajaza mnara wote.

"Nani anakohoa huko juu?" alipaza sauti mlinzi.

Hemedi alivuta pumzi. "Ni mimi, fundi!"

"Unatengeneza?"

"Natengeneza!"

Alisikia hatua za mlinzi zikija kwenye ngazi, moja, mbili, kisha zikasimama. "Pole, mgeni," alisema mlinzi kwa upole wa kweli. "Kikohozi chako kibaya. Fanya hima, kengele ikilia wewe ndiye wa kwanza." Hatua zikarudi kwenye kibao.

Hemedi alihesabu mpaka sabini, kwa hofu ya kumfungia mtu. Alipoiachia nyundo, mkono wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alishuka akamkuta Bi Zamda chumbani, amemwinua kaka yake kwa mto, anamnywesha maji kwa kijiko juu ya kidonge cha manjano. Alikuwa amechukua kifurushi kimoja. Vilivyobaki mia moja tisini na tisa hakuvigusa.

Kilichofuata Hemedi hakukifanya kwa pupa. Alikaa kitako usiku kucha akikifikiri, na asubuhi alimuuliza Bi Zamda swali moja: kikohozi cha kawaida hukaa siku ngapi? Bi Zamda alijibu kwamba vingi hunyamaza kabla ya siku ishirini na moja, na ajuaye hivyo ni yeye na kuta za nyumba yake. Basi Hemedi akafungua sanduku lake. Badala ya kutia jino kwenye gurudumu bovu, alifunga gurudumu jingine, linalouendesha mshale pole pole mara saba. Siku tatu za Shwarini zikawa ishirini na moja. Adhuhuri mshale ulianza kutembea, umati ukashangilia, na Waziri alimuuliza kama utafika alama ya tatu.

"Utafika kwa wakati wake, mheshimiwa," alisema Hemedi. Ni jibu ambalo hata kiaponi angelirudia.

Siku ile Mzee Pongwa aliungua kwa homa. Siku ya pili aliungua, na Bi Zamda alikaa kitandani kwake na ile saa ya mfukoni mkononi, akihesabu, akimwangalia Hemedi kila hesabu inapogoma kushuka. Wote wawili walikuwa na wazo moja, kwamba huenda hata wa manjano wamekwisha zoeleka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, mzee alilowa jasho shuka zima. Pumzi ishirini na sita. Jioni ishirini na mbili. Akauliza kwa nini hakuna anayempa uji. Bi Zamda alitoka uani, akalia kwa kwikwi, akaosha uso, akarudi na uji. Siku zote zilizobaki alimpa vidonge kwa wakati wake, na mzee aliposema amepona, viwekwe vya akiba, alimtazama mpaka akafungua kinywa.

Mjini, watu waliendelea kuacha kukohoa mmoja mmoja bila kumeza, na sasa walisema ni saa mpya inayowaponya. Wengine walikuja kusimama chini yake dakika tano kwa siku, kifua wazi.

Siku ya saba ya ugeni wa Hemedi, saa nne asubuhi, mlango uligongwa mara moja ukafunguliwa bila kungoja. Aliingia Waziri Tindwa, peke yake. Walinzi wawili aliwaacha nje. Mzee Pongwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamenya chungwa. Waziri alimtazama muda mrefu.

"Mambo mawili yananisumbua," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Leo ni siku ya tano tangu saa itengenezwe, na mshale wa fundi haujagusa hata alama ya kwanza. Na mtu wa mia tatu na kumi katika foleni, ambaye alipaswa kuwa kaburini, anakula chungwa."

Mzee Pongwa aliacha kumenya.

"Nimeiba," alisema Bi Zamda. "Kifurushi kimoja."

"Na mimi nilishika nyundo," alisema Hemedi. Aliona afadhali yasemwe yote. "Na mshale niliupunguza mwendo. Kwa makusudi."

Waziri aliinua mkono kuwaita walinzi, akavuta pumzi, na badala ya sauti kikamtoka kikohozi. Alijaribu kukibana kwa mkono wa joho, kikatoka cha pili, kirefu, kikamkunja mpaka akashika ukuta. Kilipokwisha, uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa Waziri.

"Siku ya ngapi?" aliuliza Bi Zamda.

"Ya nne," alisema Waziri. "Hakuna anayejua. Nalala sebuleni mke wangu asisikie. Rangi ni ya nane. Nimeangalia ubao."

"Vua joho."

"Kadi yako inasema neno moja tu, Bi Zamda. Nilichapisha mwenyewe."

"Sijakuomba kadi. Vua joho."

Akavua, akakaa kwenye kigoda, mwembamba kuliko alivyoonekana Barazani. Bi Zamda aliweka pembe mgongoni mwake. Alisikiliza juu, akasikiliza chini, kulia, kushoto, akamwambia avute pumzi, aiachie, avute tena. Hemedi akahesabu: kumi na nane. Nje mlinzi mmoja alikuwa akicheka na mwenzake. Bi Zamda alihamisha pembe akarudia upya, na Waziri alifumba macho.

"Kifua chako kina miluzi, hakina kichomi," alisema hatimaye. "Wa manjano hawatakufanyia lolote, watakuharibu tumbo tu. Utakohoa wiki mbili, huenda na nusu. Kunywa vya moto, lala chumbani kwako, mwambie mkeo. Lakini sikiliza. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ukichomwa mbavuni, homa ikikushika na kukutetemesha, ukitema damu, au ukianza kuwachanganya watu majina, usingoje kengele wala Baraza. Niite. Nitakuja, na nitakuja na wa manjano."

"Hata kama ni siku ya kwanza?"

"Hata kama ni saa ya kwanza."

Waziri alibaki na joho mapajani. "Baba yangu alifia mlangoni pa ghala lile," alisema. "Kabla ya saa, kabla ya sheria. Nilikuwa nimemshika. Tulikuwa wa mia na arobaini kwenye foleni. Nikaapa kwamba nikipata cheo, hakuna mtu wa Shwarini atakayekufa hajameza."

"Alikuwa anapumua vipi?"

"Mbiombio. Nilimwambia mimi ni Tindwa, baba, akaniita kwa jina la kaka yake."

"Na waliokuwa mbele yenu?" aliuliza Bi Zamda.

"Walikuwa wakizungumza," alisema Waziri. Alikuwa akitazama sakafu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale. "Walikuwa wakitaniana. Wawili mbele yetu walikuwa wanakula muwa. Nakumbuka kwa sababu mmoja alitema makapi ya muwa miguuni pa baba, akaomba radhi." "Watu mia na thelathini na tisa. Wote walimeza. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameketi chini, Bi Zamda. Aliyeketi chini alikuwa ni baba peke yake."

Mlinzi aligonga. "Mheshimiwa, tuwafunge?"

"Bado," alisema Waziri. Alisimama akaufungua mlango mwenyewe, bila joho. "Chukueni daftari la foleni, mwende nyumba kwa nyumba. Msiulize siku, msitazame rangi. Mtafuteni mtu asiyeweza kumaliza sentensi, mumlete kwa mama huyu sasa hivi."

Walinzi walitazamana. Mmoja akauliza mtu huyo awe nambari ngapi.

Waziri aliwaambia hakuna nambari. Kisha akakohoa mbele yao, na safari hii hakujiziba.